Jua la Nyuma ya Kioo

Wateja wake walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuweza kuona pindo lililokwenda upande akanyamaza. Miaka thelathini na moja alishona nguo, na hata barabarani alimsimamisha mtu asiyemjua: "Samahani, nani kakushonea hiyo sketi? Mrudishie." Mdomo wake haukujua likizo.

Sasa alikuwa na miaka sabini na mbili, na hakuwa na wa kumsimamisha, maana alikuwa amefungiwa ndani.

Aliyemfungia ni mwanawe wa pekee, mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, mtu ambaye hata kabati la sukari alilitia kufuli. Hakuwa mtoto mbaya. Miaka miwili nyuma mama aliteleza bafuni akavunjika mkono, na hofu ya siku ile haikumtoka tena mwanawe. Walikaa ghorofa ya nne, ya juu kabisa, jengo lisilo na lifti. Kila asubuhi alisema, "Mama, ngazi zile zitakuua," kisha ufunguo ukazunguka mara mbili, kwa nje.

Basi Mama Pindo akajitafutia kazi, nayo ilikuwa kufuata jua. Sebuleni kulikuwa na dirisha pana la kioo kisichofunguka. Redioni alisikia kwamba jua huimarisha mifupa ya wazee, na yeye akiambiwa jambo hulifanya kwa vipimo. Alikunja mikono ya gauni, akachora sakafuni kwa chaki yake ya kushonea pale jua lilipofika, akahama nalo na kiti chake tangu saa tatu mpaka saa sita. Juu ya kichwa chake nyayo za majirani zilipita wakianika nguo kwenye paa. "Anikeni tu," aliwaambia, ingawa hakuna aliyemsikia. "Na mimi najianika huku."

Lakini mapaja yakaanza kumuuma, na nyonga, na mifupa ya miguu. Kuinuka kitini ikawa shughuli ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Alijiambia ni uzee tu. Siku aliposhindwa kabisa kuinuka chooni, mwanawe alimbeba mgongoni ngazi zote hadi hospitali.

Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, alisoma majibu ya damu. "Bibi, vitamini D yako iko chini sana. Bila hiyo mifupa inalegea na misuli inakosa nguvu. Jua unalipata?"

"Analipata sana," mwanawe aliwahi kujibu, kifua mbele. "Kila siku, dirishani."

"Dirisha lina kioo?"

"Lina kioo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kioo kinapitisha mwanga na joto. Ile miale ambayo ngozi inaitumia kutengenezea vitamini D, kinaizuia."

Mama Pindo aliona aibu na hasira kwa pamoja. Miaka miwili! Ni kama kushona gauni zima kisha ukaambiwa cherehani haikuwa na uzi.

Aliandikiwa vidonge, akaambiwa atoke nje na atembee kila siku, maana akizidi kukaa miguu itamwisha nguvu, na siku akianguka tena huenda nyonga ikavunjika. Mwanawe aliitikia yote. Vidonge alimpa bila kukosa hata siku moja. Kumtoa nje ndiyo kukawa kesho na keshokutwa: Jumapili ya kwanza mvua, ya pili akaitwa kazini, ya tatu akalala usingizi wa mtu aliyechoka. Na ufunguo ukaendelea kuzunguka mara mbili.

"Nyumba ikishika moto nitatokea wapi?" mama akamuuliza siku moja. "Au mimi ni kopo la rangi, nangoja kutolewa stoo?"

Asubuhi iliyofuata mwanawe aliondoka bila kufunga, shingo upande. "Ila usivuke mlango, Mama. Naomba."

Mama alivuka kabla nyayo za mwanawe hazijaisha kusikika. Kushuka hakukumpitia akilini. Alitaka kule kwenye nguo. Ngazi za kwenda paani zilikuwa kumi na mbili. Miaka miwili jua lilikuwa ngazi kumi na mbili juu ya utosi wake, na hakuna aliyelikumbuka, hata yeye! Akashika chuma cha pembeni, akapiga moyo konde. Tatu. Tano. Ya saba magoti yakagoma.

Akakaa hapo hapo. Kupanda hakuwezi, kushuka anaogopa. Mlango wa paa ulikuwa wazi, na mwanga ulifika ngazi ya tisa tu. Akakunja mkono wa gauni akaunyoosha: vidole vikafika, kiwiko hakikufika. Akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Saa sita mwanawe alirudi mbio, maana roho haikumtulia kazini. Alimkuta pale, mkono ungali umenyooshwa. Akatia funguo mfukoni.

"Mama! Si nilikwambia? Haya, nikubebe."

"Nibebe," alisema Mama Pindo, akishusha pumzi.

Mwanawe akachuchumaa, uso ukielekea chini, kwenye mlango wa nyumba. Mama akamgusa bega.

"Umegeukia wapi wewe? Juu."