Wiki Isiyo na Busu

Tangu Wasfi aende Iskandaria kutafuta kazi na asirudi, Febronia alikuwa si mke, si mjane. Kanisa lao halikumfungua mwanamke kwenye ndoa ila uzinzi wa mume uwe na shahidi, na shahidi hakuwepo. Kaka zake walisema, "Mke hukaa kwa mumewe." Akakaa, kwenye chumba cha nyuma cha mama mkwe wake, Bi Galila, akikanda unga na kulisha nyati wa maziwa.

Shahidi alikuwa humo humo ndani. Febronia aliwahi kumsikia Bi Galila kwenye simu akimuuliza mwanawe hali ya "mkeo" na watoto. Lakini kijijini bibi huyo alitangaza kwamba Wasfi alikimbia ulimi wa Febronia. Nani angemsadiki aliyekwisha kusingiziwa?

Kwaresima ile Bi Galila akaugua, akalala kitandani. Alhamisi ya Wiki Kuu, Febronia akikoroga karibu na kitanda dengu zinazoliwa siku hiyo, kasisi wao Abuna Bakhum aliingia na kisanduku kidogo cha madini ya fedha, amemletea mgonjwa sakramenti. Nyuma yake akaja jirani, Mama Labibu, ambaye jambo halimpiti.

"Siwezi kupokea, Abuna, mpaka huyu anisamehe," Bi Galila akasema. "Njoo mwanangu, nikubusu mkono."

Febronia akaficha mikono nyuma. "Wiki hii hatubusiani, mama. Ni wiki ya Yuda."

Ni kweli, tangu Jumatano hakuna anayembusu mwenziwe, maana Yuda alimuuza Bwana wake kwa busu.

"Haya, leo kawa mtawa!" Mama Labibu akacheka.

"Febronia, bibi anakufa," Abuna akasema.

"Abuna, mie sikusoma. Kitabu chote kile cha kanisani kwa ufupi kinasema nini? Maana nasikia tu samehe, samehe. Waliokosa wana habari njema. Aliyekosewa je?"

Abuna akakaa juu ya gunia la mahindi, akafikiri.

"Kwa ufupi, tulikuwa tumefungwa, wengine kwa makosa yetu, wengine kwa makosa ya watu, na ufunguo hatuna. Mungu hakutuita akiwa nje. Akawa mtu, akasingiziwa, akauawa bila kosa, akaingia humo humo tulimo. Siku ya tatu akauvunja mlango kutokea ndani. Anayemwamini na atoke. Basi."

"Akasingiziwa," Febronia akasema.

"Ndiyo. Naye pia."

Febronia akatazama dengu, kisha akamgeukia mgonjwa. "Nitakusamehe, mama. Lakini litaje kosa lenyewe, Abuna asikie."

Bi Galila akaanza kulia. Abuna akavaa kitambaa chake cha ibada shingoni, akamwekea mgonjwa msalaba kichwani, akamwashiria jirani atoke.

"Toba isiyo na mimi haina chumvi," Mama Labibu akanung'unika, akatoka.

"Wasfi ana mwanamke," bibi akasema. "Ana watoto. Nilijua tangu mwanzo. Huyu hakumfukuza mtu. Aibu ya mwanangu nikamvisha yeye."

Febronia akasogea kitandani. Akainama, na katika wiki ile isiyo na busu akambusu mkwewe kwenye paji la uso. "Nimekusamehe." Na alikuwa amemsamehe kweli. Bibi akapokea, uso wake ukang'aa.

Mlangoni Febronia akamshika Abuna mkono wa joho. "Utaliambia baraza la kanisa lini?"

Abuna akabadilika rangi. "Binti yangu, yale yalisemwa chini ya msalaba. Ya toba hayatoki kinywani mwangu."

Febronia akamwita Mama Labibu, akamkokota hadi kitandani. "Mama, sema tena. Mbele ya huyu."

"Nimekwisha kutubu," Bi Galila akasema polepole. "Lililosamehewa halirudiwi."

"Galila!" Abuna akasema kwa ukali. "Kusamehewa si kufichwa. Mfungue mwenzio."

Lakini bibi alikuwa amefumba macho, anapumua kama mtoto aliyeshiba.

"Kwani kasema nini?" Mama Labibu akauliza.

Febronia akaepua dengu. Akavuta kigoda hadi kitandani, akamkalisha jirani, naye akakaa chini akiushika mkono wa bibi. Wakangoja aamke.