Madoa ya Chui na Pasi ya Mkaa

Mjomba Filemoni hapigi simu kusalimia. Hupiga kutoa amri, na mwaka huu aliponipigia nilijikuta nimesimama wima kabla sijajua ananiitia lipi.

"Mwezi wa saba tunamaliza mambo ya mama yako," alisema. "Tunaweka msalaba wa saruji kaburini, halafu kikosi kinamchezea mganda. Wewe ndiye mwanawe wa kiume, utasimama mstarini. Usiposimama, ngoma haipigwi."

Nikamwambia sijui kucheza mganda.

"Najua hujui," akasema, akakata simu.

Mganda ni ngoma ya wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na elimu yangu juu yake ilikuwa inaishia hapo. Nimeshapita miaka arobaini. Baba yangu alikuwa Mmatengo wa Mapera, mama yangu Mnyasa wa kijiji kisicho mbali na Liuli, mimi nimekulia Morogoro na ninaishi Dar es Salaam. Nikiulizwa kabila husema "mtu wa Ruvuma", halafu haraka haraka nauliza habari za mpira. Kwa mama nilikuwa nimejifunza jambo moja tu, kwamba anapenda pasi kupita kiasi. Mashati yetu ya shule aliyatia kwenye maji ya muhogo, akayanyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka yakaweza kusimama bila mtu ndani, na mgongoni akapiga mistari miwili iliyoshuka kutoka mabegani hadi kiunoni. Wenzangu shuleni waliniita Bwana Ubao. Nilidhani ule ni ugonjwa wake binafsi, kama wengine walivyo na pumu.

Basi nikaanza kutafuta asili yangu kwa njia tunayoijua sisi wa Dar: nikajiunga na kundi la WhatsApp. Linaitwa Mizizi Yetu. Ni watu wazima wenye kazi nzuri na mashavu ya kutosha, wote chimbuko lao Mbinga au ziwani, na wote wamegundua utamaduni baada ya kumaliza kujenga nyumba. Mwenyekiti wetu hujiita Mzizi Mkuu. Kila asubuhi hututumia sauti ndefu ya kulaani wazungu kwa kutuvua mila zetu, na nyuma ya sauti hiyo unasikia anamwita binti yake kwa Kiingereza aje kunywa chai. Nilipotaja safari yangu, Mzizi Mkuu alifurahi mno. Akasema kundi zima litakuja kushuhudia ngoma halisi ya mababu, litakodi Kosta, litaleta mchele na mbuzi, na kila kitu kitapigwa video. Nikaona nimepata usafiri wa bure. Sikujua nimebeba mzigo gani.

Tulipoondoka Dar, alfajiri, sote tulikuwa tumevaa kitenge cha sare chenye picha ya mti ulioshindwa kufanana na mti wowote. Njiani kote, Iringa, Makambako, Njombe, Mzizi Mkuu alishika kipaza sauti akatufundisha sisi ni nani. Tulikuwa wafalme. Tulikuwa mashujaa. Hatukuwa na njaa wala magonjwa wala wivu. Karibu na Songea mama mmoja wa kundi aliuliza kwa upole ni mwaka gani Mzizi Mkuu alifika Mbinga mara ya mwisho. Akajibu kwamba moyo wake haujawahi kuondoka.

Mbinga mjini tulifika siku ya pili asubuhi, na baridi ya Julai ikatupokea bila heshima. Wafalme wakafungua mabegi kutafuta masweta. Kutoka hapo tukaenda Mapera kwa shangazi yangu Kolumba, dada wa baba, kwa sababu ratiba ilisema "Kujifunza Umatengo, saa nne hadi saa sita mchana".

Shangazi tulimkuta katika mibuni anachuma kahawa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Na hawa wenye mti?"

Nikamweleza ni kundi, wamekuja kujifunza. Akaangalia kitenge chetu, akaangalia viatu vyetu, akasema karibuni, kisha akagawa vikapu. Alituambia tuchume nyekundu tuache za kijani, na yeye mwenyewe hakuacha kuchuma alipokuwa akituambia. Mzizi Mkuu alidhani kikapu ni zawadi, akashukuru kwa hotuba. Halafu akaona upande wa pili wa bonde ile miteremko yetu ya ngolo, mashimo yamepangwa mlima mzima kama sega la nyuki, kila shimo limezungukwa na matuta, na hapo ndipo Wamatengo wanapolima mahindi na maharage bila udongo kushuka mtoni. Akataka kupigwa picha akiwa katikati yake. Alipita juu ya matuta badala ya kufuata njia, akabomoa mawili, la tatu likambomoa yeye. Tulimtoa shimoni akiwa mzima, kitenge tu ndicho kilichopata majeraha. Alituambia kwamba ardhi ya mababu imemkumbatia.

Wakati tunakunywa chai shangazi alinivuta pembeni.

"Kwa hiyo unakwenda kumchezea mama yako."

"Ndiyo, shangazi. Kama nitaweza."

"Mwanamke yule alitushangaza. Tulimngoja bibi harusi na jembe, yeye akashuka kwenye lori na pasi. Pasi ya mkaa! Tukamcheka mwaka mzima. Tukamuuliza, utapalilia kwa hiyo?" Alicheka tena, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini baba yako alikuwa haendi kanisani ila watu wageuke. Mpigie vizuri hiyo ngoma."

Mchana tukashuka kwenda ziwani. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay inateremka kwa kona mpaka masikio yanaziba, na kila kona joto linaongezeka. Masweta yakarudi mabegini. Ziwa lilipotokea chini yetu kundi zima lilinyamaza, hata Mzizi Mkuu, na ninaitaja dakika hiyo kwa sababu ilikuwa moja. Kutoka Mbamba Bay tukafuata njia ya vumbi kuelekea kaskazini, hadi kijijini kwa mama.

Mjomba Filemoni alitupokea mbele ya nyumba yake. Ni mtu mfupi, mkavu, fundi wa mitumbwi, na ndiye kapteni wa kikosi cha mganda. Maringo yake yangetosha kijiji kizima. Nilimwamkia, akaitikia, akanizunguka akinikagua mbele na nyuma.

"Miguu tutakufundisha usiku huu," alisema. "Si migumu, utafuata wa mbele. Mavazi ni yako mwenyewe. Shati jeupe, kaptula nyeupe, soksi ndefu. Kaptula na soksi nitakuazima. Shati unalo?"

"Ninalo, mjomba. Nililileta kwa ajili ya ibada."

"Kila mtu anapiga pasi shati lake mwenyewe. Mke haruhusiwi, dada haruhusiwi. Asubuhi nakagua. Mwenye mkunjo nje. Na wewe ukiwa nje, unajua."

Nilijua. Ngoma haipigwi.

Jioni hiyo Mzizi Mkuu alifungua mfuko mkubwa aliokuwa ameukalia tangu Dar, akamwaga mbele ya wanakikosi rundo la vitambaa vya madoa ya chui. Vilikuwa vipya, bado vina harufu ya Kariakoo. Kulikuwa pia na manyoya ya kufunga kichwani, nayo ya plastiki.

"Wazee wangu," alisema, "tumewaletea mavazi yenu ya asili."

Wanakikosi walitazamana. Mmoja aliinua kitambaa kwa vidole viwili, jinsi unavyomwinua panya.

"Nani alivaa hivi hapa?" akauliza mjomba.

"Mababu!"

"Babu yangu alivaa shati. Na baba yake alivaa shati. Chui nimesikia habari zake tu, huko juu kwa Wamatengo."

"Mzee wangu, shati ni la mkoloni," Mzizi Mkuu akasema, sauti yake ikiwa ile ya asubuhi. "Kwata, firimbi, soksi, hivyo vyote ni vya mkoloni. Sisi tunataka kile kilichokuwa chenu."

Nilimwona mjomba anafurahi, na hapo nikajua mtu wangu wa Dar amekwisha.

"Sikiliza," alisema. "Askari wao walipita hapa wakipiga kwata, kushoto kulia, wamekunja uso kama wamemeza mwiba wa samaki. Watu wakawaiga ili wacheke. Wakaongeza ngoma, wakaongeza maringo, wakawazidi. Mkoloni aliondoka. Shati lilibaki, tukalifua. Sisi bado tunamcheka mpaka leo, halafu wewe unatoka Dar es Salaam kuja kutuambia tuache?"

Mzizi Mkuu akageuka kuzungumza kama mtu wa mikataba. Kama hakuna mavazi ya asili, hakuna video. Kama hakuna video, mchele na mbuzi wa kundi haviwezi kutolewa.

"Dagaa wetu wa usipa wapo," alisema mjomba. "Na muhogo upo."

Baadaye Mzizi Mkuu alinifuata nilipokuwa nafundishwa hatua, akanibana nyuma ya nyumba. Akaniwekea kitambaa cha chui mkononi. Nikikivaa mimi, mwenye shughuli, alisema, wengine watafuata. Nitakuwa nimerudisha heshima ya ukoo. Nilitamani kumuuliza heshima hiyo iliondoka na basi gani. Badala yake niliogopa. Niliogopa kwa sababu nilikwisha kulitoa shati langu jeupe kwenye begi, na baada ya siku mbili chini ya viatu na makalio ndani ya Kosta lilikuwa na sura ya karatasi iliyotupwa. Mama yangu alikuwa amelala hatua chache kutoka pale, na kuchezewa kwake kulining'inia kwenye shati hilo. Nikamrudishia Mzizi Mkuu chui wake.

Kulipopambazuka nilimwomba mke wa mjomba maji ya muhogo. Alinitazama kwa mshangao, akaniletea bakuli. Nikalowesha shati, nikalikamua, nikalianika kwenye upepo wa ziwa. Pasi ya mkaa niliikuta barazani, nzito, ina jogoo wa chuma kwenye kifungio. Sikuwa nimeishika tangu nilipotoka kwa mama, lakini mikono haikuniuliza kitu. Kola kwanza, kutoka ncha kuja katikati. Kisha mabega, kisha mikono. Mbele. Mwisho nikaligeuza mgongo, nikakunja, nikapiga mstari wa kwanza kutoka begani hadi chini, nikapiga wa pili. Sikufikiri nafanya nini. Mama alikuwa hakubali shati bila mistari ile, basi nikaipiga.

Baada ya ibada kaburini, msalaba ukiwa umesimama na padri ameshatoa baraka, kikosi kilijipanga uwanjani, kimeng'aa kiasi cha kuumiza macho. Mjomba akapita na firimbi shingoni. Huyu alimrekebisha soksi, yule akamtoa nje kwa ajili ya kwapa lenye mkunjo, mtu mzima na wajukuu, naye akatoka bila kubisha. Akafika kwangu. Akaitazama kola. Akapitisha kidole kwenye mkono. Akazunguka nyuma yangu, na hapo hatua zake zikasimama.

Mimi nilikuwa natazama mbele, kisogo cha mtu aliyenitangulia, na mgongo wa shati lake. Ulikuwa na mistari miwili. Nikatazama aliyefuata, na aliyefuata. Mstari mzima, migongo yote, miwili miwili, kutoka begani hadi kiunoni. Bwana Ubao nilikuwa na ukoo.

"Nani amekufundisha?" mjomba aliuliza, sauti imepungua.

"Mama."

"Hata mimi alinifundisha yeye," akasema. "Hawa wote pia ni yeye. Alikuwa anatuchapa kwa mti wa ufagio." Alinigusa mgongoni, hapo kwenye mstari, kisha akarudi mbele akapuliza firimbi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na ngoma kubwa ikaanza.

Nilicheza vibaya. Nililia pia, na sikujificha. Miguu yangu ilifuata ya mbele ikiwa imechelewa kidogo wakati wote, na wanawake waliokuwa kando walicheka kwa sauti, wakapiga vigelegele, wakacheka tena. Mama angecheka zaidi. Mzizi Mkuu alishindwa kujizuia, akapiga video yote.

Safari ya kurudi ilikuwa tulivu, maana kipaza sauti kiliharibika na hakuna aliyejitolea kukitengeneza. Mbuzi tulimla, mwishowe, pamoja na usipa. Vitambaa vya chui tuliviacha kijijini, na mke wa mjomba ameniarifu kwamba vinafaa sana kufunika vichanja vya dagaa, kunguru wanaviogopa. Jioni tulipofika Dar, Mzizi Mkuu aliiweka video kwenye kundi. Chini yake aliandika: "Ngoma halisi ya mababu. Mavazi ya asili hayaonekani kwa sababu za kiufundi."

Mimi nimejitoa kwenye kundi. Mjomba alinipa ile pasi, nami huiwasha barazani kila Jumapili jioni, majirani wakikohoa moshi. Binti yangu Neema analalamika kwamba shati la shule limekuwa gumu, linamkwaruza shingo, na wenzake wanamuuliza ile mistari ya mgongoni ni ya nini.

Nimemwambia awajibu kwamba ndilo kabila lake, na ageuke walione vizuri.