Sauti ya Mama Simu

Enzi hizo mtaa mzima ulikuwa na simu moja, nayo ilikaa sebuleni kwa Mama Simu, juu ya kitambaa cha kufuma, imetiwa kikufuli kwenye kile kiduara cha kuzungushia namba ili watoto wasiichezee. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa posta. Ndiyo maana waya ulifika kwao kabla haujafika kwa wenye magorofa.

Ikilia tu, anaidaka. "Haloo? Nani mwenzangu? Kata kwanza, piga tena baadaye kidogo, namwendea mbio." Anachomeka miguu kwenye kandambili, huyo, mpaka kwa fundi cherehani au kwa mwalimu wa nyumba ya pembeni. Aliyepigiwa akishaingia, Mama Simu anatoka, anafunga mlango, anakaa kibarazani kuchambua mchele, na redio kaifungulia mpaka majirani wanalalamika. Hataki kusikia. Ila macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Alijua nani kafukuzwa kazi, nani ana mimba, nani kafiwa na bado anacheka barabarani kwa kuwa hajaambiwa. Wambea wakimchokonoa, "Hebu tupe basi, mwalimu alikuwa analia nini?" anawajibu, "Simu imekatwa, na maneno yamekatwa." Wanaondoka wamenuna.

Mambo yakageuka. Vikaja vibanda vya kupigia kwa kadi. Wezi wakakata nyaya za shaba wakaenda kuziuza, laini ya Mama Simu ikafa kifo cha kimya, hata rambirambi hakupewa. Zikaja simu za mkononi, zile za antena, watu wazima wanapanda juu ya ukuta kutafuta mtandao. Halafu kila mtu akawa nayo. Mtu anatembea barabarani anaropoka mambo ya chumbani kwake kama ananadi mitumba. Mama Simu akipishana naye anainamisha macho, kama amemfumania mtu bafuni.

Mwisho naye akaletewa ya kutachi. Aliyemletea ni mdogo wake, kitindamimba wao, ambaye Mama Simu alimlea mwenyewe mama yao alipofariki, akambeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda.

"Bonyeza hapa, dada. Ongea. Achia. Basi, imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Kwangu!"

"Kwako tu?"

"Kwani unaniona mimi wangapi?"

Wakacheka wote wawili.

Sasa, palikuwa na Fundi Saa. Mjane mwenzake, mpole, vidole vyembamba. Naye dunia ilimchezea shere: simu zilipoanza kuonyesha saa, watu wakavua saa mikononi, akabaki kubadilisha betri za rimoti. Alianza kupita jioni kuomba maji ya kunywa. Maji yakawa chai, chai ikawa maongezi. Siku moja akakohoa, akasema, "Mama Simu, mimi na wewe tumebaki kama viatu vya mguu mmoja mmoja. Kwa nini tusiwe jozi?"

Mama Simu alicheka mpaka chai ikampalia. Kisha akakubali.

"Ila tukae kimya kwanza," Fundi akasema. "Binti zangu unawajua, pilipili. Niachie niwaweke chini mwenyewe, taratibu. Wakisikia pembeni, nimekwisha."

Mama Simu alikaa kimya, kweli. Kukaa kimya ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini siri za watu ni nyepesi. Furaha yako mwenyewe ndiyo nzito kubeba. Asubuhi moja akashindwa. Akabonyeza, akanong'ona: "Mdogo wangu, usinicheke. Fundi Saa ameniposa, nami nimekubali. Bibi mzima, moyo unanidunda kama msichana! Wanawe hawajui bado. Funika kombe, mdogo wangu." Akaachia kidole, akaenda zake kufua. Kwake yeye maneno ya simuni yalikuwa yanaisha ukishamaliza kuongea. Yanabaki wapi? Hewani hakuna kabati.

Mchana akaenda dukani kununua sabuni. Muuza duka akamtolea meno yote. "Hongera, bibi harusi!"

"Bibi harusi gani?"

"Aa, usijifanye! Hii hapa." Akagusa kioo cha simu yake. Mama Simu akasikia sauti yake mwenyewe inanong'ona mbele za watu, moyo unanidunda kama msichana, na chini yake kuna mtu ameitilia muziki wa harusi. Kijana mmoja asiyemjua hata kwa sura akashika kifua, akajifanya anazimia. Duka zima kicheko.

Sabuni aliiacha palepale juu ya meza.

"Nilifurahi tu, dada!" mdogo wake akasema simuni. "Niliweka kwenye grupu la familia, basi. Sikuiweka redioni!"

"Nilikuambia ufunike."

"Dada, siku hizi furaha haifichwi. Watoto wenyewe wanapigwa picha hata hawajaogeshwa. Watu wanakupongeza huko, umeona? Mashemeji wote wamekutumia maua."

"Maua," Mama Simu akasema. Akakata.

Jioni Fundi Saa alikuja, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kofia. "Binti yangu mkubwa anasema nimemzika mama yake mara ya pili. Wenzake wa kazini ndio waliomchezea ile sauti, wakamcheka."

"Sikuwaambia watu. Nilimwambia mdogo wangu."

"Najua. Sina hasira nawe." Akaizungusha kofia. "Ila mtaa mzima huu, nilichagua mtu mmoja ambaye neno likifika kwake linalala."

Mzee akaaga. Tangu siku ile akienda kazini anazungukia njia ya nyuma.

Mdogo mtu alikuja baada ya siku kadhaa, na mfuko wa machungwa. Maisha yake yote alikuwa anapitia uani, anaingia jikoni bila hodi, anafunua masufuria. Safari hii mlango wa uani akaukuta una komeo. Akazunguka mbele, akabisha. Mama Simu akamfungulia.

"Karibu. Karibu kiti."

Akamletea chai kwenye vile vikombe vya kabatini, na kisahani, na kijiko. Akaketi upande wa pili wa meza, mikono magotini.

"Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

"Dada, mbona unanifanya mgeni?"

"Na shemeji yangu, mzima?"

"Dada, nisamehe basi! Nitukane! Nipige hata kofi!" Machozi yanamdondokea kwenye kisahani.

Mama Simu alimsogezea sukari.

"Huko kwenu," akauliza, "mvua imenyesha?"