Madam Aliyemwamini Wanjala

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jiko la hospitali moja ndogo ya binafsi huko Deira, Dubai, Mpishi Mkuu alinikabidhi mizani kabla ya kisu. "Hapa chakula cha mgonjwa kinapimwa kwanza, dada," alisema. Miaka ya elfu mbili ndiyo ilikuwa imeanza, nami nilikuwa nimetoka Meru nikidhani najua kupika.

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha lishe, chini ya Mtaalamu wa Lishe, mama wa asili ya Unguja aliyezaliwa papo hapo Dubai. Sote tulimwita Madam. Kazi yangu ilikuwa kuandika shajara ya mlo, yaani kila alichokula mgonjwa na alivyojisikia baadaye.

Ndipo akaja Wanjala, mlinzi kutoka Bungoma. Mwili ulimuuma kuanzia shingo hadi nyayo, mwaka mzima, na vipimo havikuonyesha kitu. Msimamizi wake alisema anajifanya. Akikosa zamu tena, khalas, atarudishwa Kenya.

"Na tumbo je, mwanangu?" Madam alimuuliza.

Wanjala aliinamisha kichwa. "Hujaa gesi. Mara nafunga choo, mara naharisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Basi nakuuliza mie."

Alikuwa akiishi kwa mkate mweupe, tambi za pakiti na soda. Madam alinieleza kwamba utumboni mna vijidudu vyema vinavyolishwa na nyuzinyuzi za mboga na nafaka zisizokobolewa. Vikivurugika, huenda mishipa ya fahamu ikahisi maumivu kupita kiasi. "Wataalamu wangali wanatafuta," akaongeza. "Sitamdanganya kuwa dengu ni dawa."

Yeye na daktari walimwandikia msimamizi barua kwamba maumivu yale ni ya kweli. Mimi nikamfundisha Wanjala kupika dengu na mboga kwenye jiko dogo la chumba alichoishi na walinzi wenzake, mtaa wa Al Baraha. Wiki ya kwanza gesi ilizidi, akataka kuacha. Madam akapunguza dengu hadi vijiko viwili, kisha akaziongeza polepole. Dawa za daktari Wanjala hakuziacha.

Miezi ilipita. Asubuhi moja alikuja akiwa na sare yake ya kazi. "Maumivu bado yapo, Madam," alisema, "lakini leo nimeinama nikafunga kamba za viatu mwenyewe." Madam alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Sasa nimestaafu. Nimewatumikia wakuu wengi hodari, lakini Madam ndiye ninayemsimulia. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mna vipimo ambavyo sisi hatukuviota; vitumieni. Ila mgonjwa akisema anaumwa, na karatasi ikasema ni mzima, vuteni kiti mmuulize jana alikula nini.