Kiatu Katika Dohani ya Thornacre

Enoch Tolley ni seremala bora kuliko wote niliofanya nao kazi, na mbishi kuliko wote pia. Mara tatu aliitwa mjini kwa kazi nono, mara tatu akakataa, akisema hawezi kuliacha jumba la Thornacre. Watu walimwona mjinga. Mimi, fundi mwashi, nilijua sababu, maana siku ya lile kosa nilikuwepo, na mkono ulioziba tundu ulikuwa wangu.

Jumba lilikuwa la mawe, umbo la herufi E, na umri wake ulipita miaka mia tatu. Chini palikuwa na ukumbi mkubwa wa boriti za mwaloni zilizoungwa kwa vigingi, bila msumari hata mmoja. Juu palikuwa na ukumbi mwingine, mrefu na mwembamba, ambamo mabibi wa zamani walitembeatembea siku za mvua, na kwetu siku za mvua ndizo siku zote. Katikati ilisimama dohani, njia ya moshi ya mawe, nene kuliko chumba changu cha kulala. Nyumba nzima iliegemea pale.

Sasa, mlango una komeo na dirisha lina komeo, lakini dohani haina. Iko wazi usiku na mchana, na kinachotaka kushuka, pepo au mchawi, hushuka. Ndiyo maana sisi mafundi, kila tunapoitengeneza, huacha kiatu ndani kabla ya kuziba, wala hatumwambii mwenye nyumba. Huyo anayeshuka hukikuta kiatu, akadhani kamnasa mtu, akabaki hapo hapo. Ila lazima kiwe kiatu kilichochoka kabisa, ambacho mwenyewe hatakihitaji tena.

Desemba ya mwaka 1921 tulikuwa tunaziba tundu la dohani kule ukumbi wa juu, na Enoch alikuwa amesahau kiatu kikuukuu nyumbani. Mkewe, Hester, alitufuata na mkate na jibini, pamoja na binti yao wa pekee, Dorcas, wa miaka minne. Viatu vya mtoto vilikuwa vimelowa, vikawekwa kando ya moto vikauke. Enoch akachukua cha kushoto.

"We, hicho bado kizima!" nikamwambia.

"Kitamfikisha Pasaka tu. Huyu anakua kama magugu. Ziba, tule."

Nikaziba. Nikabonyeza kidole gumba kwenye chokaa mbichi, ndiyo sahihi yangu. Februari Dorcas akashikwa na ugonjwa wa koo, na siku ya tano tukamzika.

Hester hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, akikunja blanketi la mtoto: "Umeipa nyumba mguu wa mwanangu, Enoch. Kiatu kile kilikuwa na mwendo ndani yake bado." Kile cha kulia alikifunga kwenye kitambaa, akakitia kwenye droo.

Miaka michache baadaye sakafu ya ukumbi wa juu ilianza kulika. Ulikuwa mstari mmoja mwembamba, kutoka dohani mpaka dirisha linaloitazama nyumba ya Enoch. Enoch akabadilisha ubao, na baada ya miaka saba ukalika tena, palepale.

"Panya hao," nikamwambia.

"Panya gani anavaa kiatu, Amos?"

"Basi mbao mbovu."

"Mwaloni? Niliouchagua mwenyewe? Usinitukane, bwana."

Alikuwa akikaa karibu na dirisha lile wakati wa chakula, akisimulia habari za nyumbani, kuku gani katotoa na paa la nani limevuja. Hakuna aliyemjibu. Nilimcheka, Mungu anisamehe.

Mwaka 1954 warithi wakashindwa kulitunza jumba, wakaita wabomoaji. Dohani ilipangiwa Alhamisi. Enoch alikuwa na miaka sabini na minne, vidole vimekunjamana, hawezi kushika tindo. Akanifuata.

"Wakiiangusha yumo ndani, ataenda wapi?" akasema. "Nilishampoteza mara moja, Amos. Mara ya pili siiwezi."

Msimamizi, bwana mmoja mnene aliyeitwa Crouch, alitutazama na vifaa vyetu akacheka. "Wazee, mnatafuta dhahabu?"

"Kiatu," Enoch akajibu.

"Kiatu! Haya, mna mpaka saa sita. Ikipita hapo nawabomoa na nyinyi."

Juu paa lilikuwa limeshang'olewa, manyunyu yakituangukia ukumbini. Alama ya gumba langu ilikuwepo, haijaguswa na mtu. Niligonga chokaa ikatoka, nikapenyeza mkono. Nilikigusa kiatu, lakini hakikutoka. Tundu nililoliziba mwaka ule lilikuwa na upana wa kiganja, na kiatu hakikupita. Ikabidi nivunje mawe mawili zaidi.

Kilikuwa cha kushoto, chenye ukanda na kifungo kimoja, kilekile. Lakini kilikuwa cha mtu mzima. Soli ilikuwa imelika mpaka kwenye uzi. Moto haukuwashwa mle kwa miaka kumi, na ngozi yake ilikuwa na uvuguvugu mkononi mwangu. Niliogopa, sifichi. Enoch alikitia ndani ya koti lake, tukaenda nacho nyumbani kwake.

Hester alikuwa anamenya viazi. Akakitazama, akafuta mikono, akaenda kwenye droo. Kile kidogo akakiweka mezani kando ya kile kikubwa.

"Mpana mbele," akasema. "Mguu wa mama yangu." Akapitisha kidole kwenye soli iliyolika. "Amekua, Enoch. Amekua, na sisi hatukuwepo."

Enoch alilia waziwazi, mzee mzima.

"Miaka yote hiyo mguu mmoja peku," Hester akasema. Akainama, akavua kiatu chake mwenyewe cha kulia, akakipanga na kile cha kushoto. Vilikuwa saizi moja. Akanionyesha dohani yao ya jikoni.

"Shemeji," nikamwambia, "hicho chako bado kizima."

"Najua. Ziba."

Nilimtazama Enoch anikataze. Hakunikataza. Nikaziba.

Hester tulimzika Machi iliyofuata. Hakuugua, alikaa kitini asubuhi, akatulia. Huu ni mwaka wa pili.

Jana Enoch aliniita nitazame sakafu ya jikoni. Ni ya mawe, na kutoka mekoni mpaka mlangoni imeanza kulika, mistari miwili, kushoto na kulia, nyembamba na sambamba.

"Panya hao?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

Alikuwa peku. Buti zake nzuri, zile za kanisani, alizipanga juu ya meza, zimepakwa rangi zinang'aa.

"Nafasi bado ipo humo ndani, Amos?"

Nikamwambia ipo. Nitakwenda Jumatatu, chokaa nimeshailoweka.