Tungule za Mama zimeingia kwenye rekodi yetu

Jamani, leo nimeimba vitu alivyonituma Mama dukani, na vimebaki kwenye rekodi!

Tulikuwa studio, Thornton Heath, huku Uingereza. Bendi yetu inapiga jazi ya zamani, ile ya tarumbeta na klarineti za kukuinua kitini. Kiongozi ni mimi: napiga gitaa la ridhimu na kuimba.

Wimbo wa mwisho, muda wa studio unakwisha, ubeti wa pili ukanitoka wote kichwani!

Vidole havikusimama. Mdomo nao ukatoa ulichokipata, yaani ujumbe wa Mama wa asubuhi, wa nyanya, kitunguu saumu na viazi:

"Tungule ziwe mbivu, thumu usisahau, mbatata usiniletee ndogo!"

Nikajua nimeharibu, na muda wa kurudia hakuna.

Kumbe mpiga klarineti, Mwingereza wa watu, machozi yanamlenga. "Beautiful," akaniambia. "Is it a love song?"

Nikasema yes. Ningesemaje?

Nimetoka hapo nikampigia Mama, nikamsikilizisha. Akausikiliza mpaka mwisho. Kisha:

"Mwanangu, si maneno yangu hayo? Basi na jina langu liandikwe."

Niambieni, nimwandike?