Kesho Nne za Domitila

Kila mwenye mashua kisiwani San Cristóbal anajua: ukifunga mashua jioni, unaziba nyuma kwa ubao. Usipoziba, simba-bahari watapanda, watalala, watanya, na asubuhi mgeni ni wewe. Domitila Zavala alibeba watalii miaka ishirini na miwili bila kuusahau ubao wake. Aliusahau jana, siku ambayo hakupaswa kabisa kuusahau.

Sasa jike moja nene la simba-bahari lilikuwa limejinyoosha kwenye benchi la abiria, kichwa juu ya majaketi ya kuokolea, linakoroma. Domitila alipiga makofi. Akagonga ubavu wa mashua kwa kasia. Akalitukania ukoo mzima. Jike likafumbua jicho moja, likapiga chafya, likageukia upande wa pili.

"Mita mbili, Mama Domi," alisema Fabricio, mlinzi wa hifadhi, amesimama gatini na kikombe chake cha kahawa. "Usimsogelee zaidi ya hapo."

"Mashua yenyewe haina upana wa mita mbili. Nisimame wapi, hewani?"

"Subiri ashuke mwenyewe."

"Atashuka lini?"

"Huyo ameshiba. Labda mchana."

Mchana Nieves atakuwa kwenye ndege. Wasipoondoka na mashua kabla ya saa tatu, safari yao ya baharini hakuna. Nieves, dada yake mkubwa, aliondoka kisiwani akiwa na miaka kumi na tisa, akaenda mji wa Guayaquil, bara, kushona sare za shule kwa miaka arobaini. Alikuwa amerudi kwa siku tano, na ameomba kitu kimoja tu: apelekwe kwenye mwamba uliopasuka katikati, pale alipokuwa akivua marehemu baba yao, avae miwani ya kuzamia, aone chini kuna nini. Siku ya kwanza Domitila alikuwa na Wajerumani sita. Ya pili, maharusi wa Kanada na jamaa zao. Ikaja ya tatu, ikaja ya nne, na kila jioni neno ni lile lile: kesho, dada. Nieves alikula naye samaki na ndizi za kukaanga bila kununa, na hilo lilimkera Domitila kuliko kununa kwenyewe.

Asubuhi hii dada mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi za gati, amebanwa na vazi la mpira la wageni, miwani ipo kwenye paji la uso tangu alfajiri.

"Acha kumtukana mnyama wa watu, Domi. Wewe ndiye uliyesahau ubao."

"Nilichoka, dada."

"Ulichoka na Wajerumani. Mimi nimeshinda na paka wako siku nne."

Domitila aliokota kasia. Aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira. Akagonga tena ubavu wa mashua. Saa tatu ikafika, ikapita.

Nieves hakungoja zaidi. Alishuka ngazi moja moja, maji yakamfika kifuani, akaweka mrija wa kupumulia mdomoni.

"Dada, hapo ni gatini tu. Hapo hakuna kitu."

Nieves akatumbukiza uso. Kule mashuani jike likainua kichwa, likasikiliza, likajitupa majini kwa kishindo. Likamzunguka bibi yule mara moja, mara mbili, likapinduka tumbo juu mbele ya miwani yake.

"Na zile mita mbili?" aliuliza Domitila.

"Sheria inamzuia mtu kumsogelea mnyama," alisema Fabricio. "Mnyama akimsogelea mtu, mimi sina la kufanya."

Nieves aliibuka akikohoa na kucheka. "Mdogo wangu, njoo uone."

"Nani atashika mashua?"

Ndivyo alivyowajibu wageni miaka yote ishirini na miwili. Mwenyewe hakuwahi hata siku moja kutia uso majini.

"Si umeifunga?" alisema Nieves.

Domitila aliitazama kamba. Kweli, aliifunga. Akachukua miwani aliyokuwa amewaoshea wengine maelfu ya mara, akashuka na nguo zake. Nieves akamkazia mkanda nyuma ya kichwa, taratibu, kama zamani alipokuwa akimsuka nywele.

"Pumua kwa mdomo," alimwambia.

Domitila akazamisha uso. Mashua ilibaki tupu nyuma yake, wazi, na ubao hakuuweka.